Sakafu Yangu, Dari ya Jirani

(Mazungumzo ya juma, kama yalivyosomwa redioni)



Katika mazungumzo yetu ya leo ningependa tutazame jambo ambalo huenda baadhi yenu mtaliona dogo, lakini limevunja ujirani wa watu wengi wanaoishi katika nyumba za ghorofa. Jambo lenyewe ni kelele za sakafu. Sizungumzii muziki wa baa wala jenereta la mtaa wa pili. Hayo yana siku yake. Namzungumzia mtu anayetembea nyumbani kwake mwenyewe, kwa amani kabisa, kumbe aliye chini yake anahesabu kila hatua.

Nianze na kisa changu, maana katika kisa hiki mkosaji ni mimi.

Miaka michache iliyopita tulihamia fleti ya ghorofa ya tatu hapa Dar es Salaam. Sakafu ilikuwa ya saruji tupu, imechakaa, na mama watoto alikuwa ameziona kwa shoga yake zile mbao za laminati zinazotandikwa na kushikana zenyewe bila misumari. Tukajikusuru, tukanunua. Fundi akaja, siku mbili kazi ikaisha. Nyumba ikang'aa, wageni wakasifu. Waliofurahi kuliko wote ni watoto, kwa sababu ukivaa soksi waweza kuteleza toka sebuleni hadi mlango wa jikoni.

Juma la pili mlango ukagongwa. Alikuwa mama wa ghorofa ya pili, mtu aliyenizidi umri, muuguzi wa zamu za usiku.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kuuliza tu. Hapa juu mnatwanga nini?"

"Hatutwangi kitu, mama. Labda ni watoto wanacheza."

"Haya, basi."

Akashuka. Baada ya siku chache akaja tena na swali lile lile, nami nikampa jibu lile lile. Mara ya tatu hakuja. Aliacha tu kuitikia salamu tulipokutana ngazini.

Mimi nikajisemea moyoni kwamba mama huyu ana gubu. Mke wangu akaniambia nisihukumu kabla ya kushuka na kusikiliza kwa masikio yangu. Nikashuka, nikabisha hodi, nikakaribishwa, nikaketi kwenye kochi lake kwa dakika kumi hivi. Ndugu wasikilizaji, niliona haya. Nilimsikia mwanangu mdogo akikimbia ukumbini kama mtu anayepiga debe tupu. Nilisikia kiti kikivutwa, kijiko kikianguka. Niliweza kusema mke wangu yuko chumba gani, na kwamba amevaa ndara na si viatu. Mama yule akaniambia kwa upole, "Mwanangu, mimi natoka zamu saa moja asubuhi. Nikilala saa tatu, saa tano mmeniamsha. Halafu usiku nakwenda kugawa dawa za wagonjwa."

Hapo ndipo nilipotambua kwamba gharama ya sakafu yangu alikuwa akiilipa mtu mwingine. Na zaidi ya hapo, huenda akailipa mgonjwa ambaye hatujui wala hatujui yeye ni nani.

Sasa tujiulize: kishindo hiki kinatoka wapi, na kwa nini mwenye sakafu hakisikii kama anavyokisikia jirani?

Kelele za nyumbani ziko za namna mbili. Ya kwanza husafiri hewani: sauti ya mtu, redio, mtoto anayelia. Hiyo huzuiwa na uzito wa ukuta au wa zege, na kwa kuziba matundu. Ya pili huanzia pale kitu kinapogonga jengo lenyewe: kisigino, mguu wa kiti, mpira, kitu kilichoanguka. Hii haina haja ya hewa. Inaingia moja kwa moja ndani ya zege, zege zima linatetemeka, na dari ya jirani inageuka kuwa spika. Tena mtetemo huo haushuki chini tu. Hupitia kuta na nguzo, ndiyo maana wakati mwingine hata wa chumba cha pembeni husikia. Zege lenye unene wa sentimita 15 huzuia vizuri mazungumzo yenu, lakini kisigino linakipokea kama ngoma inavyopokea mchi.

Na hapa nitakumbusha jambo ambalo mama zetu walilijua bila kusoma fizikia. Mtu akitwanga uani, kinu hukaa juu ya ardhi, na ardhi inameza kishindo. Akilazimika kutwanga ghorofani, hukunja gunia akaliweka chini ya kinu. Gunia lile halifanyi mchi uwe mwepesi. Kazi yake ni kuwatenganisha kinu na zege, ili pigo liishie kwenye kitu laini kabla ya kufika kwenye kitu kigumu. Elimu yote ya kupunguza kelele za sakafu imo ndani ya gunia hilo.

Mbao za laminati zilibuniwa nchini Sweden katika miaka ya 1970, zikaanza kuuzwa Ulaya katika miaka ya 1980, na zile za kushikana bila gundi zikaingia sokoni katika miaka ya 1990. Jina ni mbao, lakini ndani yake ni unga wa mbao uliochanganywa na gundi ukashindiliwa kwa joto, juu yake picha ya mbao, na juu ya picha ngozi ngumu ya melamini. Ubao wenyewe una unene wa milimita 7 hadi 12. Ni mgumu na mwepesi, na haupigiliwi mahali popote. Sakafu yote huelea juu ya zege. Kitu kigumu, chepesi na kilicholegea juu ya zege kina jina katika lugha yetu: ni ngozi ya ngoma. Kwa hiyo kinachoamua kama utakuwa na sakafu au ngoma si ubao uliouona dukani. Ni kile usichokiona, yaani tandiko lililo chini ya ubao na nafasi iliyo pembeni mwa ukuta.

Tulipoifungua sakafu yetu, maana mbao hizi hufunguka ukizifungua taratibu, tulikuta mambo matatu. La kwanza, sebuleni kulikuwa na sponji jembamba lililokwisha kubonyea, na ukumbini pamoja na vyumbani hakukuwa na sponji kabisa, ila karatasi ya nailoni peke yake. Simlaumu sana fundi. Sponji nililonunua halikutosha, na mimi ndiye niliyesema kazi iishe siku hiyo hiyo. La pili, zege lilikuwa na mabonde, na kila ubao uliopita juu ya bonde ulikuwa ukipiga chini kila ukikanyagwa. La tatu, na hili ndilo lililonishangaza, mbao zilikuwa zimesukumwa hadi zikabana ukutani, na palipobaki upenyo pakazibwa kwa saruji ili papendeze.

Tuyachukue mambo hayo moja moja, kwa faida ya yeyote anayejiandaa kutandika.

Kwanza usawa wa zege. Chukua rula ndefu ya fundi, ya mita 2, uiburute juu ya sakafu kila upande. Ukiona mwanga chini yake unaozidi milimita 3, usitandike. Kwangua vilima, jaza mabonde, kisha subiri saruji ikauke sawasawa, na kukauka huko ni majuma, si siku mbili. Tandiko laini haliponyi bonde. Watu wengi huongeza tabaka la sponji wakidhani wamesawazisha, kumbe wameuficha ugonjwa. Ubao juu ya bonde utanesa, ulimi wake utavunjika, na kila hatua itatoa mlio.

Pili tandiko lenyewe. Yapo ya sponji jepesi jeupe la milimita 2 au 3, ambalo ndilo rahisi kuliko yote. Yapo ya sponji lililoshindiliwa, ya nyuzi za mbao, ya gome la mwaloni wa Ulaya lile linalotengenezewa vizibo vya chupa, na yapo ya mpira mzito. Mnunuzi hudhani kwamba lililo nene na laini zaidi ndilo bora. Sivyo. Laini sana hubonyea chini ya kabati, na mbao hupanda na kushuka mpaka viungo vinaachia. Kinachotakiwa ni tandiko lenye kunesa kidogo na kurudi mahali pake, mwaka hadi mwaka. Bonyeza kipande kwa kidole gumba: kama alama inabaki, liache dukani. Vilevile usitandike matabaka mawili ukitumaini faida maradufu. Hesabu ya kelele haijumlishwi hivyo, na sakafu itayumba.

Hapa pwani kuna jambo la kuongeza. Zege hutoa unyevu, na unga wa mbao ukilowa huvimba. Kwa hiyo chini ya tandiko hutangulia karatasi ya nailoni, isiyo na tundu, na pale karatasi mbili zinapokutana moja ipande juu ya mwenzake kwa sentimita 20 na kufungwa kwa utepe. Lakini tukumbuke kwamba nailoni ni ya unyevu, si ya kelele. Fundi akikuambia nailoni inatosha, anajibu swali ambalo hukumuuliza.

Tatu ni pembeni. Sakafu hii inaelea, na lazima iachwe ielee. Acha nafasi ya milimita 8 hadi 10 kuzunguka ukuta wote, na kuzunguka kila bomba na kila fremu ya mlango. Mafundi wengi wanajua kwamba nafasi hiyo ni ya kutanuka kwa mbao wakati wa masika. Wachache wanajua kwamba ndiyo pia inayokata njia ya kelele. Ubao ukigusa ukuta, au saruji ikijaa katika upenyo ule, umejenga daraja. Kishindo hakina haja tena ya kupita kwenye tandiko lako la bei kubwa. Kinavuka darajani, kinaingia ukutani, na kinashuka hadi chini. Wakati wa kazi nafasi hiyo hushikiliwa kwa kabari ndogo, na kabari zote hutolewa kazi ikiisha. Mwishowe ukingo wa ukutani, ule mafundi wanaouita skating, hufungwa kwenye ukuta na si kwenye sakafu. Ukiupigilia kwenye sakafu, umeifunga kamba boti inayotaka kuelea.

Sasa mtaniuliza: juhudi zote hizi zinapunguza kelele kwa kiasi gani? Swali ni la haki, na lina jibu.

Katika maabara kuna mashine maalumu yenye nyundo 5 za chuma, kila moja ina uzito wa gramu 500. Nyundo hizo huanguka kutoka kimo cha sentimita 4, mapigo 10 kila sekunde, na kelele hupimwa katika chumba cha chini. Zege tupu la kupimia, lenye unene wa sentimita 14 hivi, hutoa chini yake kiasi cha desibeli 78. Ukitandika laminati juu ya tandiko zuri, zinapungua desibeli 18 hivi, unabaki na 60. Ukibandika marumaru moja kwa moja juu ya zege, hupunguzi kitu cha maana. Ukitandika zulia nene, waweza kupunguza desibeli 20 na zaidi. Na sikio la mwanadamu huhisi kwamba kelele imepungua nusu kila zinapoondoka desibeli 10.

Linganisheni na wenzetu. Kanuni za ujenzi za England zinataka kelele hiyo ya kugonga isizidi desibeli 62 katika nyumba mpya za ghorofa. Kanuni ya Ujerumani ya mwaka 2018 inataka isizidi 50. Hesabu zao hazilingani moja kwa moja, lakini picha inaonekana: Wajerumani hawategemei tandiko la laminati peke yake. Tangu wakati wa ujenzi huweka juu ya zege tabaka la kitu laini, kisha juu yake humwaga saruji nyingine isiyogusa ukuta. Yaani gunia la mama zetu wameliweka chini ya sakafu nzima kabla mwenye nyumba hajahamia. Kwetu sisi mwenye jengo humaliza na zege, na kazi ya gunia anamwachia mpangaji.

Nisiwadanganye. Yapo mambo ambayo tandiko haliyawezi. Haliwezi kuzuia redio wala ugomvi wa mume na mke, kwa sababu hizo ni kelele za hewani. Haliwezi pia kumaliza kishindo kizito cha mtoto anayeruka toka kitandani. Tandiko hukata vizuri mlio mkali wa kiatu na kijiko, lakini ule mshindo mnene wa kisigino unapungua kidogo tu. Hapo dawa ni tabia: ndara laini ndani ya nyumba, vipande vya zulia chini ya miguu ya viti na meza, zulia ukumbini watoto wanapokimbilia, na kuwafundisha kwamba michezo ya kuruka ina uwanja wake. Tena kuna kelele mbili ambazo watu huzichanganya. Ule mlio unaousikia wewe mwenyewe chumbani ukitembea si ule anaousikia jirani. Tandiko moja laweza kufaa kwa huo wa kwanza na lisifae kwa wa pili. Unaponunua, uliza linapunguza kiasi gani kwa aliye chini, na utake ione kwenye karatasi ya kiwandani.

Wasikilizaji, nafikia mwisho. Tanzania ilitunga mwaka 2008 sheria inayomwezesha mtu kumiliki sehemu yake katika jengo la ghorofa, na Kenya ikatunga yake mpya mwaka 2020. Sheria hizi zinawapa wenye sehemu uwezo wa kuwa na umoja wao na kujiwekea kanuni. Nimeona kanuni za majengo kadhaa. Zinasema habari za magari, takataka, tangi la maji na mlinzi wa getini. Sikuona hata mstari mmoja juu ya sakafu. Ushauri wangu ni huu: kila umoja wa wakazi uandike kwamba anayebadilisha sakafu atamjulisha kwanza wa chini yake, ataweka tandiko la kuzuia kishindo vyumba vyote, na kabla skating haijafungwa atamkaribisha jirani au kiongozi wa jengo aje aone pembeni. Kukagua hakuchukui nusu saa. Kufumua sakafu iliyokwisha kufungwa kulituchukua siku tano, na mbao zaidi ya kumi zilivunjika ndimi.

Nasi wenye nyumba tujiwekee desturi moja isiyohitaji sheria. Kabla hujamlipa fundi fedha ya mwisho, mwache mtoto wako atembee juu, wewe shuka, bisha hodi, omba dakika kumi za kuketi. Kazi ya sakafu haikaguliwi ukiwa umesimama juu yake.

Yule mama wa ghorofa ya pili bado anatusikia. Siku za likizo, watoto wakiwa wengi, hugonga dari mara moja kwa ufito wa ufagio, nasi tunajua maana yake. Lakini siku hizi analala mpaka saa nane mchana. Na juma lililopita tulikutana ngazini, akitoka zamu. Kabla sijafungua mdomo, akanitangulia: "Hamjambo huko juu?"

Nikamjibu hatujambo, mama. Shikamoo.

Ndugu wasikilizaji, kwa leo naishia hapa. Tukutane juma lijalo.